Murano: mtaa wa vioo uliofungiwa kisiwani

Kwa nini kisa hiki

Anayepanga eneo la viwanda mjini hukutana na maswali yale yale kila zama. Mafundi wenye moto na moshi wawekwe wapi? Wakishakusanywa, wazuiwe kuondoka au waachwe huru? Ujuzi wao ulindwe na sheria au na ubora wa kazi? Murano, mtaa wa jiji la Venice ulio kisiwani kaskazini mashariki mwa Italia, umeyajibu maswali hayo yote, mengine vizuri na mengine vibaya, kwa zaidi ya miaka 700. Kumbukumbu zake zimeandikwa tangu mwanzo, kwa hiyo tunaweza kufuatilia uamuzi mmoja mmoja na kuona ulizaa nini.

Simulizi iliyozoeleka ni kwamba Murano ilidumu kwa sababu ya siri: mafundi walifungiwa kisiwani, aliyetoroka akawindwa, na dunia ikakosa pa kujifunzia. Ni simulizi tamu, na inawauzia watalii bilauri nyingi. Ila siri yenyewe ilivuja kila kizazi na mtaa haukufa kwa kuvuja huko. Ulipokaribia kufa, ugonjwa ulikuwa mwingine.

Waliotajwa hapa kwa majina ni watu wa kumbukumbu za historia. Matanuru na familia zinazofanya kazi leo nimeziacha bila kuzitambulisha.

Mahali penyewe

Murano ni visiwa vidogo saba vilivyounganishwa kwa madaraja, umbali wa kama kilomita moja na nusu kutoka Venice, katika wangwa wa maji ya kina kifupi. Ukubwa wake wote ni kilomita moja ya mraba na ushei.

Ajabu ya kwanza ni kwamba malighafi za kioo hazipatikani hapo. Kioo hupatikana kwa kuyeyusha silika safi, magadi ya kuifanya iyeyuke kwa joto dogo zaidi, na chokaa ya kukifanya kioo kisiliwe na maji. Kwetu Afrika Mashariki mchanganyiko huu si mgeni: magadi yanayochotwa Ziwa Magadi, Kenya, wateja wake wakubwa ni viwanda vya vioo. Murano haikuwa na ziwa kama hilo. Magadi yake yalikuwa majivu ya mimea ya maeneo ya chumvi, yakichomwa Syria na Misri na kusafirishwa kwa meli za Venice. Silika ilitokana na kokoto nyeupe za mito Ticino na Adige. Zilichomwa mpaka zikawa nyekundu, zikatumbukizwa katika maji baridi zipasuke, kisha zikasagwa zikawa unga. Kuni zilikuja kwa vyombo vya majini, nyingine kutoka Istria, ng'ambo ya bahari ya Adriatiki. Hata vipande vya vioo vilivyovunjika vilikuwa bidhaa: mkataba wa mwaka 1277 kati ya Venice na mtawala wa Tripoli ya Lebanon unazungumzia ushuru wa vipande hivyo.

Basi faida ya mahali pale ilikuwa ni maji yenyewe. Mashua iliyosheheni kuni iliweza kushusha mzigo karibu na mlango wa tanuru. Bilauri nyembamba, ambazo barabara za mawe na mikokoteni zingezisaga njiani, zilipakiwa mashuani na kupelekwa taratibu hadi kwenye meli. Na maji hayo hayo yaliutenga moto na jiji lililojengwa kwa sehemu kubwa kwa mbao.

Mfuatano wa matukio

Ufundi ulikuwepo Venice muda mrefu kabla ya Murano kujulikana. Hati ya mwaka 982 inamtaja mtengeneza chupa mmoja, Domenico. Mwaka 1271 chama cha mafundi wa vioo kikapata kanuni zake za maandishi. Zilipiga marufuku vioo vya kigeni kuingia, zikagusa hadi aina ya kuni za kuchomwa, na zikaweka miezi ambayo matanuru yote yazimwe kila mwaka.

Tarehe 8 Novemba 1291 Baraza Kuu la Venice likaamuru matanuru ya vioo yaliyo jijini yabomolewe, na wenye kutaka kuendelea wajenge nje ya jiji, ndani ya himaya. Sababu ilikuwa hatari ya moto. Baadhi ya matanuru yalikuwa tayari Murano kabla ya amri hiyo, kwa hiyo amri haikuuzaa mtaa, iliukamilisha. Mwaka uliofuata, 1292, sheria ikalegezwa kidogo: watengenezaji wa vitu vidogo vidogo vya kioo waliruhusiwa kubaki jijini mradi tanuru liwe mbali na nyumba kwa hatua 15. Kipengele hiki wengi hukiruka. Tutakirudia, maana ndimo ilimopita riziki ya karne ya 19.

Mwaka 1295 likazuka tatizo ambalo serikali ililitengeneza kwa mkono wake. Fundi ambaye tanuru lake limezimwa kwa miezi kadhaa kwa amri ya kanuni bado ana watoto wa kulisha. Akafunga virago kwenda Padua, Ferrara au Bologna, akafanya kazi huko, na majirani wa Venice wakaanza kuwa na matanuru yao. Jibu la serikali halikuwa kufupisha likizo. Lilikuwa adhabu: atakayekwenda kufanya kazi nje atatengwa na chama.

Kilele kilifika katikati ya karne ya 15. Angelo Barovier, wa familia ya mafundi, ndiye anayehusishwa na kioo cheupe kabisa kilichoitwa *cristallo*. Kazi kubwa haikuwa kwenye kupuliza bali kwenye majivu. Yalichemshwa katika maji, yakachujwa, maji yakakaushwa, ikabaki chumvi nyeupe isiyo na uchafu wa chuma unaofanya kioo kiwe cha kijani. Manganizi kidogo iliondoa rangi iliyosalia. Ulaya nzima ikataka kioo hicho. Mwanzoni mwa karne ya 16 yakafuata vioo vya kujitazamia. Mwaka 1507 ndugu wawili wa ukoo wa Dal Gallo walipewa haki ya pekee ya kuvitengeneza kwa miaka 20.

Kisha uvujaji ukawa mkondo. Antwerp na miji mingine ya kaskazini ilikuwa na matanuru yakitengeneza vioo "kwa mtindo wa Venice", mengi yakiwa na mafundi Waitalia. Mwaka 1575 Malkia Elizabeth I alimpa Giacomo Verzelini, Mvenice, haki ya kutengeneza vioo vya namna hiyo London kwa miaka 21. Mwaka 1612 padri wa Florence, Antonio Neri, akachapisha kitabu chenye vipimo na michanganyiko, na kufikia mwaka 1662 kilikuwa kimeshatafsiriwa Kiingereza. Mwaka 1665 Colbert, waziri wa Louis XIV mfalme wa Ufaransa, akaanzisha kiwanda cha kifalme cha vioo vya kujitazamia na kuwavuta mafundi wa Murano hadi Paris kwa fedha. Wawili kati yao walipokufa ghafla mwaka 1667, watu walinong'ona kuhusu sumu, haikuthibitishwa kamwe. Wenzao wengi wakarudi nyumbani. Lakini Ukumbi wa Vioo katika kasri la mfalme huyo, Versailles, ulipokamilika mwaka 1684, vioo vyake vilikuwa vya Kifaransa.

Karne ya 18 ilikuwa ya kuporomoka. Mwaka 1797 Napoleon aliiangusha Jamhuri ya Venice, na mwaka 1806 vyama vya mafundi vikavunjwa. Chini ya utawala wa Austria matanuru mengi ya bilauri yalizimika. Uamsho ulianza katikati ya karne ya 19: kampuni mpya za familia, warsha ya Antonio Salviati mwaka 1859, makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1861 na padri Vincenzo Zanetti pamoja na meya Antonio Colleoni, na shule ya uchoraji kwa mafundi mwaka 1862. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Murano ilipoteza manispaa yake ikawa sehemu ya jiji la Venice.

Maamuzi na sababu zake

Ukiyapanga maamuzi ya serikali unaona mikono miwili. Mmoja ulishika fimbo: katazo la kuondoka, vitisho, mabalozi waliotumwa kuwabembeleza au kuwatisha waliokimbia. Wa pili ulishika tunda, na huu ndio wa kutazamwa zaidi. Kwa uamuzi wa mwaka 1376, mtu wa ukoo bora akimwoa binti wa fundi wa vioo, watoto wao walibaki katika ubora wa baba. Katika jamii ile ambayo kuoa chini kulimaliza ukoo, hiyo haikuwa zawadi ndogo. Murano ilikuwa na baraza lake, na mwanzoni mwa karne ya 17 ikawa na daftari lake la raia, Kitabu cha Dhahabu, ambamo jina la familia likiingia lilikuwa mali kuliko tanuru. Iliruhusiwa hata kutoa sarafu zake za heshima.

Kwa nini wapewe haya yote? Venice haikulima. Iliishi kwa kununua na kuuza, na kioo kilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo thamani yake ilizaliwa ndani ya wangwa wenyewe: majivu na kokoto viliingia, vito vikatoka. Kupoteza kundi la mafundi ilikuwa kupoteza tofauti hiyo yote ya bei.

Nasema kundi kwa makusudi. Kioo hakitengenezwi na mtu mmoja. Mbele ya tanuru kuna fundi mkuu aliyeketi kwenye benchi, msaidizi anayemletea kioo kilichoyeyuka kwenye ncha ya bomba, mwingine anayepasha tena, na kijana anayejifunza kwa kufungua mlango wa tanuru na kukaa kimya. Kioo kikitoka kina dakika chache za utii kabla ya kuwa kigumu, kwa hiyo hakuna nafasi ya maelezo. Mikono minne lazima ijue pamoja. Nje ya hapo kuna mtengeneza vyungu vya kuyeyushia, mfua koleo, mchuja majivu, mkataji na mng'arishaji. Fundi mmoja akitorokea Paris huacha nyuma yake mtaa mzima unaojua kazi, naye anakuta huko mji usiojua chungu gani hupasuka.

Shanga, na njia ya kuja kwetu

Wanaosimulia Murano huishia kwenye bilauri na taa za kuning'inia majumba ya wafalme. Mimi naona habari ya uchumi iko kwenye shanga. Kioo huvutwa kikiwa laini kiwe mrija mrefu wenye tundu katikati, mrija hukatwa vipande vidogo kama mtama, vipande huzungushwa kwenye moto vilainike kingo. Aina nyingine huzungushiwa moja moja kwenye waya mbele ya mwali wa taa. Mrija ukishavutwa, kazi hizi hazihitaji tanuru kubwa, na ndiyo maana kipengele cha mwaka 1292 kiliziacha zifanywe jijini. Wanawake wa Venice wa mitaa maskini, wakiwa wameketi vibarazani, walizitunga kwenye nyuzi kwa mafungu, kazi ya ujira mdogo ambayo haikuwahi kuingizwa kwenye kitabu chochote cha dhahabu.

Karne ya 19, wakati matanuru ya bilauri yamelala, shanga ndizo zilizobaki na soko. Sehemu ya soko hilo ilikuwa hapa. Katika karne zilizotangulia shanga nyingi za pwani yetu zilitoka India. Zama za misafara ya pembe, za Venice zilijaa Unguja, zikapita Bagamoyo na kupanda bara mpaka maziwa makuu. Zilitumika kama fedha: kulipa hongo (ushuru wa kupita katika nchi za watawala wa bara), kununua chakula, kulipa wapagazi. Burton, msafiri Mwingereza aliyepita bara kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kuwa aina zilizojulikana katika biashara hiyo zilifika kama 400. Stanley, mwandishi wa habari aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alipojiandaa Unguja mwaka 1871 alibeba magunia 22 ya aina 11, baada ya kuonywa kwamba ushanga mweusi uliopokelewa Ugogo haukuwa na maana kwingine, shanga ziitwazo sungomaji zilitakiwa Ujiji, na shanga nyeupe ziitwazo merikani zilifaa Ufipa lakini zingedharauliwa Ukonongo. Nyekundu za samesame zilipendwa karibu kila mahali.

Hebu lifikirie jambo hilo kwa upande wa Murano. Mama wa Ugogo aliyekataa rangi fulani alikuwa anaamua, bila kujua, mrija gani uvutwe kwenye kisiwa cha Adriatiki mwaka unaofuata. Serikali ya Venice haikuwa tena na la kuamua, haikuwepo. Mtaa ulilazimika kumsikiliza mteja wa mbali kupitia kwa Mhindi wa Unguja na tajiri wa msafara, na ulimsikiliza. Mwaka 1898 watengenezaji wakubwa waliungana kuwa kampuni moja ya shanga, iliyodumu karibu karne nzima kabla ya kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Matokeo

Leo Murano ina wakazi chini ya 5,000. Matanuru hutumia gesi badala ya kuni. Mwaka 1994 mkoa wa Veneto ulitunga sheria ya nembo inayothibitisha kuwa kioo kimetengenezwa kisiwani humo, na mwaka 2020 ufundi wa shanga za kioo uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO kwa pamoja na Italia na Ufaransa. Wakati huo huo, maduka ya watalii yanauza vioo vya bei nafuu kutoka nje, vingine vikiwa na jina la Murano midomoni mwa wauzaji tu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni msongamano. Kuweka matanuru jirani kulifanya kosa la mmoja liwe somo la wote kabla jua halijazama, na kijana aliyeachwa na fundi huyu akapokelewa na yule wa ng'ambo ya mfereji. Hakuna aliyelipanga hilo mwaka 1291; walikuwa wanakimbiza moto. Tukumbuke hilo tunapowahamisha mafundi wetu kutoka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au kwingineko kwenda viwanja vipya vilivyotawanyika: anayehamisha karakana moja moja, kila moja upande wake, huacha njiani kitu ambacho hakikuwa kwenye hesabu ya fidia.

Heshima nayo ilifanya kazi kuliko fimbo. Wengi wa waliokwenda Paris walirudi, na sioni kuwa ni hofu peke yake iliyowarudisha. Walikuwa na jina kisiwani.

Kilichoshindikana ni ukuta, tena kwa namna isiyotarajiwa. Linganisha na Altare, mji mdogo wa vioo karibu na Genoa. Wao walifanya kinyume kabisa: chama chenyewe kiliwatuma mafundi nje kwa mkataba, kikapokea malipo, na mafundi wakarudi na habari za huko. Murano ilizuia watu kutoka, na pamoja nao ikazuia habari kuingia. Mwishoni mwa karne ya 17 Waingereza walipata kioo kilichochanganywa na madini ya risasi, kizito na chenye mng'ao, kwa kazi ya George Ravenscroft aliyepewa haki yake mwaka 1674. Bohemia, sehemu ya Jamhuri ya Cheki ya leo, ikapata kioo kigumu kilichofaa kuchongwa. Wafaransa wakaanza kumimina vioo vikubwa bapa mezani badala ya kupuliza. Hakuna hata moja kati ya haya lililoibwa Murano! Yalikuwa mapya, na kisiwa kilichokuwa bado kinalinda siri ya karne ya 15 kilichelewa kuyaona. Fundi Giuseppe Briati wa Murano alipopata ruhusa ya kutengeneza kioo kwa namna ya Bohemia katika miaka ya 1730, wenzake walimchukia kiasi kwamba alihamishia tanuru lake Venice, kinyume cha sheria ya mwaka 1291, kwa idhini ya serikali. Sheria iliyotungwa kuzuia moto ilikuwa imegeuka kinga ya mazoea.

Kwa hiyo nadhani swali la "siri ililindwaje" ni swali dogo. La maana ni nani aliruhusiwa kujifunza kutoka nje. Watengeneza bilauri walikatazwa na wakakwama. Watengeneza shanga waliachwa bila kuangaliwa sana, wakamfuata mteja hadi Ujiji, wakaubeba mtaa kwa karne nzima.

Nembo ya mwaka 1994 naiona kama ukuta wa aina nyingine, wenye faida zake: haimzuii fundi kwenda popote, inamwambia mnunuzi tu kilipotoka kitu. Udhaifu wake ni kwamba haina la kufanya na gharama. Hilo lilionekana majira ya vuli ya mwaka 2021, bei ya gesi ilipopanda karibu mara tano. Tanuru la kioo huyeyusha usiku kucha kwa nyuzi 1,400 hivi ili asubuhi kioo kiwe tayari kwa kazi, na haliwashwi na kuzimwa kama jiko, kwa sababu chungu kikipoa vibaya hupasuka. Baadhi ya wamiliki walizima na kusubiri, wengine waliwasha kwa hasara ili wasiwapoteze wafanyakazi, na serikali ikatoa ruzuku. Kwa nishati, mtaa uko pale ulipokuwa mwaka 1291: moto wake unategemea kitu kinachotoka mbali, na aliyekishika ndiye anayepanga bei.